Likizo ya Pwani Mwisho wa Agosti: Chagua Ufuo, Panga Pesa, Usitapeliwe

Mwaka jana Mama alitimiza miaka 54 na alikuwa hajawahi kuona bahari. Amelea watoto wawili, amelipa karo hadi chuo kikuu, lakini Mombasa kwake ilikuwa kitu cha kuona kwenye taarifa ya habari. Mimi na dada yangu tukakubaliana: kila mmoja aweke shilingi 4,500 kila mwezi kwa miezi sita. Hiyo ni 54,000. Septemba tumpeleke.

Pesa zilikuwa zimebaki mwezi mmoja zikamilike nilipopata nyumba ya kukodisha kwenye mtandao wa kijamii. Vyumba viwili, bwawa la kuogelea, hatua chache hadi ufuoni, shilingi 3,000 kwa usiku. Mwenyewe alikuwa mpole sana. Akaniambia kuna familia nyingine inaitaka nyumba hiyo hiyo, kwa hivyo nitume 12,000 kabla ya saa sita mchana. Nikaandika nambari, nikaandika kiasi, na jina likajitokeza kwenye simu. Halikuwa jina la nyumba, wala jina la yule nilikuwa nikizungumza naye. Nilipouliza, akasema ni ya mhasibu wao.

Nitakuambia baadaye nilichofanya. Kwanza tuzungumzie likizo yenyewe, kwa sababu watu wengi hutapeliwa wakiwa na haraka, na haraka huja pale ambapo hujui unataka kwenda wapi, lini, na kwa pesa ngapi.

Kwa nini mwisho wa Agosti na Septemba?

Ukiwaza Pwani, pengine unawaza Desemba. Desemba ni joto, ni msongamano, na bei ziko juu. Agosti mwanzoni pia kuna watu wengi kwa sababu shule zimefungwa, na wageni kutoka Ulaya, hasa Waitaliano kule Watamu na Malindi, wako likizoni wakati huo.

Lakini angalia kinachotokea shule zikifunguliwa mwishoni mwa Agosti. Familia zinarudi bara. Vyumba vinabaki wazi. Mwenye nyumba ambaye wiki mbili zilizopita hakutaka kusikia habari ya kupunguza bei, sasa anapokea simu yako haraka. Kama huna watoto wa shule, au unasafiri na wazazi, na marafiki, au na chama, hiki ndicho kipindi chako.

Hali ya hewa pia ni nzuri. Mvua za masika za Aprili na Mei zimepita, na za vuli kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba. Joto ni la kadiri, kati ya digrii 22 na 28 hivi. Unaweza kulala usiku bila kupigana na feni.

Kuna jambo moja la kujua: upepo. Huu ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini mashariki tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Kusi huchafua bahari nje ya mwamba na huleta mwani na nyasi za baharini kwenye baadhi ya fuo. Kwa wanaocheza na tiara za kuteleza juu ya maji, hiyo ni habari njema. Kwa anayetaka kupiga mbizi na kuona samaki vizuri, maji huwa safi zaidi kuanzia Oktoba kwenda Machi, kusi ikishatulia na kaskazi ikiingia. Kadiri Septemba inavyosonga, ndivyo bahari inavyotulia.

Na kuna zawadi ya msimu huu ambayo Desemba haina: nyangumi. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita Pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Watu huwaona kutoka kwenye mashua upande wa Watamu na Shimoni. Huwezi kuhakikishiwa kuwaona, lakini wakati wao ni huu.

Usichague ufuo kwa picha, chagua kwa watu unaoenda nao

Ukiuliza marafiki ni ufuo gani mzuri, kila mtu atakutajia alikoenda yeye. Swali bora ni hili: unaenda na nani, na mnataka kufanya nini asubuhi mkiamka?

*Diani, Kwale.* Mchanga mweupe, laini, na mwamba ulio mbali kidogo na ufuo unaovunja nguvu za mawimbi, kwa hivyo hata wakati wa kusi maji ya ndani huwa na utulivu kiasi. Kuna nyumba za bei zote, kuanzia vyumba vya Ukunda hadi hoteli za kifahari. Kuna mbega kwenye miti, na usiache chakula dirishani kwa sababu ya nyani na tumbili. Kutoka hapo unaweza kwenda Shimoni na kisiwa cha Wasini, na hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti ambako watu huona pomboo. Inafaa familia, na inamfaa mtu anayeenda Pwani kwa mara ya kwanza.

*Nyali, Bamburi na Shanzu.* Hapa uko Mombasa, karibu na kila kitu. Ukichoka na bahari unaenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, au Haller Park, au unazunguka Mji wa Kale ukila mahamri na mbaazi. Kwa bajeti ndogo na siku chache, huku ndiko rahisi. Ubaya wake ni kelele na wauzaji wengi ufukweni, hasa wikendi.

*Kilifi.* Iko kilomita 60 hivi kaskazini ya Mombasa. Ina mkono wa bahari ulioingia bara, maji yametulia, na vijana wengi wanaipenda kwa sababu haina haraka. Usiku usio na mwezi, maji ya mkono huo wakati mwingine hung'aa ukiyapiga kasia, kwa sababu ya vijidudu vidogo vya baharini. Kuna magofu ya Mnarani juu ya jabali. Inafaa marafiki na wapenzi.

*Watamu na Malindi.* Watamu ina ghuba ndogo ndogo zenye visiwa vya mawe, na hifadhi yake ya baharini ni ya tangu 1968. Karibu hapo kuna mikoko ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, na mji wa kale wa Gede, ambao mwaka wa 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Malindi ni mji kamili, una historia na chakula kizuri. Ujue tu kwamba mto Sabaki humwaga maji yake karibu na Malindi, na bara ikinyesha sana bahari ya hapo huwa na rangi ya udongo. Inafaa wanaopenda kuona vitu, si kulala mchangani tu.

*Lamu.* Mji wake wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Vichochoro, punda, milango ya kuchonga, na ufuo mrefu wa Shela. Lakini ni mbali: kilomita 340 hivi kwa barabara kutoka Mombasa, yenye vizuizi vya ukaguzi wa usalama, kisha boti kutoka Mokowe. Wengi huchagua ndege hadi Manda, na hiyo hubadilisha bajeti kabisa. Pia ni mji wa dini na heshima, kwa hivyo nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Inafaa aliye na siku tano au zaidi na asiyehitaji gari.

Sisi tulichagua Diani. Mama ana goti linalomsumbua, kwa hivyo tulitaka mchanga laini, maji yasiyo na nguvu, na nyumba yenye jiko maana hawezi kukaa siku nne bila kupika.

Tazama mwezi kabla ya kulipa

Hili watu wa bara hatuambiwi. Unaweza kulipia nyumba iliyo mbele ya bahari, ufike asubuhi na taulo begani, ukute bahari imeondoka. Mbele yako ni mawe, mwani na madimbwi, na maji yako kule mbali. Hujatapeliwa. Maji yamekupwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu. Katikati ya vipindi hivyo huwa kuna maji mafu, tofauti ni ndogo na bahari haiendi mbali.

Sasa hesabu rahisi ya Pwani ya Mombasa na Diani:

- Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Hukupwa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hivyo asubuhi utatembea hadi karibu na mwamba, na jioni utaogelea.
- Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka. Maji hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kuogelea baada ya chai.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua tarehe, tazama kalenda yenye alama za mwezi. Kama lengo lenu ni watoto kuogelea asubuhi, epuka wikendi iliyo juu ya mwezi mpevu. Kama mnataka kutembea na kuona kaa na samaki wadogo kwenye madimbwi, bamvua ndiyo yenyewe. Bamvua za mwezi wa Septemba huwa kati ya kubwa zaidi za mwaka, kwa hivyo ukitembea mbali, rudi kabla maji hayajaanza kurudi. Vaa viatu pia, kwa sababu kuna fuma, na mwiba wake hauna huruma. Na muulize mwenyeji saa halisi za siku hiyo. Wavuvi wanazijua kichwani.

Bajeti yetu, shilingi kwa shilingi

Naweka hesabu yetu hapa kama mfano, watu watatu, usiku nne. Bei zako zitatofautiana, lakini mafungu ni yale yale.

- Treni ya SGR, daraja la kawaida, kwenda na kurudi: 1,500 mara watu watatu mara mbili, jumla 9,000. Hiyo ndiyo nauli ya Nairobi hadi Mombasa tangu Januari 2024. Daraja la kwanza ni 4,500 kwa mtu.
- Nyumba: 4,500 kwa usiku, usiku nne, 18,000.
- Matatu, tuktuk na bodaboda: 6,000.
- Chakula, sokoni na nje: 10,000.
- Mashua na kutembea: 4,500.
- Dharura: 5,000.
- Ada za kutuma na kutoa pesa: 1,500.

Jumla ni 54,000, kile kile tulichoweka.

Angalia mambo mawili. Kwanza, dharura ina fungu lake. Goti la Mama lingeweza kutuma bili wakati wowote. Pili, ada za miamala zina fungu lake. Watu huzisahau, halafu wanashangaa pesa zimeenda wapi. Kutoa pesa kwa wakala kidogo kidogo, mara 500, mara 800, kunakula zaidi kuliko kutoa mara moja kiasi utakachohitaji kwa siku mbili. Na ukilipa dukani kwa nambari ya till, kwa kawaida mteja hakatwi kitu. Kwa hivyo supamaketi, mkahawa na duka la dawa, lipa kwa till. Taslimu iweke kwa ajili ya madafu, viazi karai na nauli ndogo ndogo.

Kuhusu kuweka akiba: usiache pesa za safari kwenye salio la kila siku. Zitaliwa na tokeni za umeme na harambee ya jirani. Zifungie kwenye akaunti ya akiba ya simu, ile yenye lengo na tarehe. Kama ni chama, kubalianeni mapema nani anashika, nani anaona taarifa, na nini kitatokea mtu akijiondoa. Hayo mazungumzo ni magumu kidogo mwezi wa kwanza, na ni magumu sana mwezi wa sita.

Tiketi na njia

Tiketi za SGR unakata kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, unalipa kwa simu. Uwe na nambari za vitambulisho za wote mnaosafiri, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Usinunue tiketi kwa mtu anayesema anazo za ziada. Ukifika stesheni na jina si lako, umepoteza pesa na siku.

Treni inakuacha Miritini, si katikati ya mji. Ukienda Kusini unaweza kupitia mjini, uvuke feri ya Likoni kwa miguu bila kulipa, kisha matatu hadi Ukunda na tuktuk hadi Diani. Kama mko na gari au mmekodisha, barabara ya Dongo Kundu inawapeleka Kusini bila kupanda feri. Ukienda Kaskazini, tafuta matatu za Kilifi na Malindi. Watamu unashukia Gede na kuchukua tuktuk au bodaboda.

Kama mtaingia hifadhi za baharini za KWS, malipo hufanywa kupitia eCitizen, hawapokei taslimu. Fanya malipo hayo ukiwa bado kwenye nyumba yenye mtandao mzuri, usingoje mashua iwe imewashwa.

Sasa turudi kwa ile 12,000

Saa sita ilikuwa inakaribia. Nilimwambia yule mtu, sawa, nitatuma, lakini kwanza nipigie simu ya video unionyeshe sebule na bahari. Akasema mtandao wa huko ni mbaya. Nikamwambia nitangoja jioni. Akasema jioni nyumba itakuwa imeenda. Nikamwomba nambari ya till ya biashara. Akasema till ina shida leo.

Nikachukua picha ya lile bwawa la kuogelea, nikaitafuta mtandaoni kwa picha. Ilikuwa ya hoteli iliyo Asia. Ukikuza picha, ubao ulio kando ya bwawa una maandishi ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Picha hiyo nilikuwa nimeitazama labda mara ishirini, nikiwa nimefurahia bei.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo. Naandika makala kama hii. Na nilikuwa nimebakisha nambari ya siri tu.

Kwa hivyo sikuambii uwe mwerevu. Nakuambia uwe na hatua, uzifuate hata ukiwa umechoka, hata ukiwa umependa nyumba.

1. *Soma jina kabla ya kuweka nambari ya siri.* Jina linalojitokeza ndilo linalopokea pesa. Hadithi ya mhasibu, ya shemeji, ya laini nyingine, yote ni hadithi. Jina lisipolingana na biashara au mtu uliyekubaliana naye, futa.

2. *Omba till au paybill.* Hiyo pekee si hakikisho, kwa sababu hata tapeli anaweza kuwa na till, lakini angalau kuna jina la biashara la kulinganisha. Likiwa tofauti kabisa na jina la nyumba, uliza kwa nini.

3. *Simu ya video, wakati uliochagua wewe.* Mwambie aanze barabarani, aingie mlangoni, afungue bomba, atoke hadi ufuoni. Mwenye nyumba ya kweli hufanya hivyo kila wiki.

4. *Tafuta picha mtandaoni.* Dakika mbili tu. Picha ikionekana kwenye matangazo ya nchi nyingine, umemaliza kazi.

5. *Usilipe yote.* Toa dipoziti ndogo, usiku mmoja kwa mfano, na salio ukifika na kuona. Kubalianeni kwa maandishi: kiasi gani, tarehe gani, na ukighairi unarudishiwa nini.

6. *Haraka ni ishara.* Anayekupa saa moja ya kuamua juu ya akiba ya miezi sita hakutakii mema.

7. *Weka ujumbe wa muamala.* Usifute. Una nambari ya muamala, jina, tarehe na saa. Huo ndio ushahidi wako.

Na kama pesa zimeshaenda? Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, anzisha ombi la kurudishiwa muamala papo hapo. Dakika zina maana, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, kuzirudisha huwa vigumu sana. Ukitapeliwa, piga simu huduma kwa wateja mara moja ili nambari hiyo ichunguzwe, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Usione aibu. Aibu ndiyo inayomwezesha tapeli kutumia picha zile zile kwa mtu wa kesho.

Ukiwa ufukweni

Simu yako ndiyo pochi yako, na bahari haijali. Mambo machache:

- Weka PIN ya laini, si ya skrini pekee. Mtu akitoa laini yako na kuiweka kwenye simu nyingine, PIN hiyo itamzuia.
- Usiende na simu majini. Mtu mmoja abaki na vitu, mbadilishane.
- Beba taslimu kidogo mahali tofauti na simu. Simu ikizima saa kumi na mbili jioni ukiwa kilomita tatu kutoka nyumbani, hiyo mia mbili itakuokoa.
- Kabla ya kupanda mashua, kubalianeni bei ya kikundi au ya mtu, muda, na kama jaketi za kujiokoa zipo. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi.
- Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, usirudishe kwa mkono. Tazama salio lako kwanza. Kama pesa zimeingia kweli, mwambie aliyetuma aanzishe ombi la kurudishiwa kwa njia rasmi.
- Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuomba nambari ya siri. Hata ukiwa likizoni. Hasa ukiwa likizoni.

Mwishowe tulifika

Nyumba tuliyopata haikuwa na bwawa. Ilikuwa ya mama mmoja Mdigo, vyumba viwili, jiko, mwembe uani, na mwendo wa dakika kumi hadi ufuoni. Alinionyesha kila kitu kwa simu ya video, akiwa amebeba mjukuu mgongoni. Aliitisha dipoziti ya usiku mmoja, kwa till yenye jina lake.

Tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, Mama akasimama mchangani na kuuliza, "Sasa bahari yenyewe iko wapi?" Tukacheka. Kwa sababu tulikuwa tumetazama kalenda, tulijua la kumjibu: jioni, Mama, ngoja jioni.

Saa kumi na moja maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na minazi. Akakunja rinda, akatushika mikono kwa sababu ya goti, akaingia hadi magotini. Akateka maji kwa kiganja, akayaonja.

"Kumbe ni chumvi kweli," akasema.

Kama una mtu wako ambaye hajaiona bahari, mwezi ujao una tarehe, na tarehe ina kiasi. Leo fungua akaunti ya akiba kwenye simu yako, iandike jina lake, na uweke hata mia mbili. Kesho tazama kalenda ya mwezi.